Zamu ya Kosa

Miguu ya Bi Pasi ilistaafu kabla ya mwenyewe. Yeye alikuwa amebakiza miezi mitano. Miguu, hasa ule wa kushoto, iliacha kazi tangu mwaka juzi, ikawa inakuja hospitalini kumsindikiza tu. Miaka arobaini na mitano alikuwa amesimama kwenye chumba cha kufulia, ambacho wenyewe hukiita kwa dobi, akilisha mashuka kwenye mashine ya pasi: silinda mbili nene kama magogo, moto ndani, zinazunguka polepole, zinameza shuka huku na kulitema kule limenyooka kama marehemu. Upande wa pili alisimama mwenzake, mwanamke waliyempa jina la Kiberiti kwa sababu ya wembamba wake na kwa sababu nyingine, akipokea na kukunja. Mashine haikuwahi kumwambia mtu pole.

Jumatano saa nane mchana, ndugu wa Bi Pasi wa kumfuata alipotokea mlangoni, Kiberiti ndiye aliyemwona kwanza. Alisema bila kuinua macho kwamba kura lazima zimeiva, maana wachumaji wameanza kupita.

Ndugu huyo aliitwa Kinanda tangu utotoni, kwa kuwa ukimgusa popote alitoa sauti. Kwa kazi alikuwa mwalimu wa udereva. Miaka thelathini alikuwa amekaa kiti cha abiria kwenye gari lenye breki mbili, mguu wake juu ya breki ya pili, akiwahimiza watu wazima waende mbele huku yeye anawazuia. Wenye midomo yao walisema hakuna chuo cha siasa kizuri kuliko hicho. Sasa alikuwa anagombea udiwani kwa alama ya ngazi, na wagombea wenzake walipokuwa wanagawa kofia na fulana, yeye alimletea dada yake chupa ya dawa ya kuchua miguu. Bi Pasi aliipokea. Dawa haina chama.

Kinanda alikuwa na sera moja kubwa, akiipenda kama mtoto wa kumzaa mwenyewe. Aliiita Zamu ya Mtaa. Kata nzima, alieleza, imejaa makosa yasiyo na mwenyewe: mfuniko wa mtaro umeibwa, bomba limepasuliwa, taka zimemwagwa mbele ya zahanati, na kila unayemuuliza anasema si mimi. Basi kila wiki mtaa mmoja ubebe makosa yote yasiyo na mwenyewe, utengeneze, ufagie, bila kuulizana. Wiki inayofuata, mtaa mwingine. Hakuna kusutana, hakuna polisi. Watu walipomuuliza hekima hiyo ameitoa wapi, aliwajibu kwamba ameitoa nyumbani kwa baba yake, walikokuwa wakiishi hivyo hivyo, yeye na dada zake, kwa amani.

Sasa alimtaka dada yake apande jukwaani Jumamosi awaeleze watu jambo hilo kwa mdomo wake. Wafanyakazi wa hospitali walikuwa wengi katika kata ile, wafuaji, wafagiaji, wasukuma vitanda, na wote walimheshimu. Tena kulikuwa na mwenye duka la dawa, mpinzani mwenye alama ya kikombe, aliyekuwa akizunguka kila kibaraza akiuliza swali moja tu: mtu ambaye hata dada yake wa tumbo moja hampi kura, sisi wa pembeni tumpe ya nini?

Na mwenye duka la dawa, kwa hilo, hakusema uongo.

Bi Pasi hakuwahi kumpigia kura ndugu yake, wala chama cha ndugu yake, wala mtu yeyote aliyepiga naye picha. Kinanda alipokuwa wa chama cha taa, yeye aliwapa wa mwavuli. Kinanda akahamia mwavuli na kuimba sifa zake mji mzima. Uchaguzi uliofuata Bi Pasi akawapa taa, na watu wa taa wakampokea kwa vigelegele wakidhani ni hotuba zao zilizomshawishi. Sera za taa hakuzijua. Za mwavuli alizisikia mara moja akasinzia. Ukimuuliza yeye ni wa chama gani alikuwa akijibu kwamba hana chama, ana ndugu. Na mwanasiasa yeyote akianza sentensi kwa neno sote, sote tubebe, sote tujifunge mkanda, Bi Pasi aliangalia mikono yake kwanza, aone kama hajabebeshwa tayari.

Haya mambo hayakuanzia kwenye sanduku la kura. Yalianzia kwenye sakafu ya saruji.

Baba yao alikuwa mtunza stoo wa karakana: spana, nati, misumari kwa ratili, makopo ya rangi, kila kimoja na kadi yake. Imani yake ilikuwa moja na aliitamka kila siku kama sala: kitu hakipotei, kitu hupotezwa. Kule kazini spana ikikosekana, mafundi wote walibaki wamesimama mpaka mwenye kosa ajitokeze. Nyumbani hakubadilisha hata neno. Kikombe kikivunjika na mwenyewe hajulikani, watoto walipiga magoti sakafuni, yeye kitini, na saa ya mezani ikihesabu, mpaka mmoja aseme ni mimi. Hakuwa mkali wa kupiga. Alikuwa mkali wa kungoja, na aliyeonja yote mawili atakwambia bora fimbo.

Watoto walikuwa watatu. Bi Pasi ndiye wa kwanza, Kinanda wa pili, na wa mwisho Mziwanda, ambaye mama yao alifariki akimleta duniani. Mziwanda alisamehewa magoti mpaka atimize miaka mitano. Baba alisema chini ya hapo mtoto ni kama mzigo uliopokelewa, haujaandikwa kadi. Kwa hiyo waliopiga magoti walikuwa wawili, na mara nyingi hakuna hata mmoja aliyejua kikombe kilivunjwaje.

Kinanda, akiwa na miaka kumi, ndiye aliyegundua zamu. Kila wiki, alisema, mmoja wetu awe mwenye makosa yote. Likitokea lolote, mwenye wiki anasema ni mimi, anakemewa, tunalala mapema. Nyumba ina watoto watatu, kwa hiyo wiki ni tatu, haki ni haki. Ila kwa kuwa Mziwanda bado mdogo, wiki yake ataibeba dada, maana hata Mziwanda mwenyewe dada ndiye anayembeba mgongoni. Bi Pasi aliona hesabu hiyo imekaa sawa. Ilimchukua miaka sita kugundua kwamba alikuwa akibeba makosa wiki mbili kwa kila moja ya mdogo wake, na tangu hapo hakuwaamini tena wagombea wanaojua hesabu.

Lakini zamu ilifanya kazi, tusiseme uongo. Bi Pasi aliwahi kukiri kupasua kioo cha kandili kilichopasuka yeye akiwa shuleni. Kinanda alikiri kumwaga mafuta ya taa ambayo, kwa ushahidi wote, yalimwagwa na paka. Baba alipokea. Hakuuliza ilikuwaje, hakuuliza saa ngapi. Mtunza stoo hahitaji ukweli, anahitaji sahihi.

Ndipo ukapotea ufunguo wa stoo.

Ulikuwa ufunguo mrefu wenye kibati cha shaba chenye namba, na kila jioni ulitundikwa kwenye msumari juu ya mlango. Alhamisi moja asubuhi msumari ulikuwa mtupu. Bi Pasi alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba, mtihani miezi miwili mbele. Ilikuwa wiki ya Mziwanda, maana yake ilikuwa ya kwake. Baba alikaa kitini. Magoti yakashuka sakafuni. Msichana alifanya kama sheria inavyosema, akasema ni mimi, na baba alipouliza kwa mara ya kwanza katika maisha yake, uko wapi, akaona akiri kikamilifu, kazi isiwe nusunusu. Alisema aliuchezea akautumbukiza chooni. Hata mlio aliutaja.

Karakana ilivunja kufuli, kikao kikakaa, na baba akashushwa kutoka stoo hadi kulinda geti. Naye akasema mtoto anayetumbukiza mkate wa nyumba chooni vitabu vya nini. Akampeleka kwa shangazi, aliyekuwa msimamizi wa kwa dobi. Shangazi alimpa ndoo. Asubuhi ya kuondoka, Bi Pasi alisimama mlangoni na furushi lake akamwangalia Kinanda, akimpa nafasi ya kufungua mdomo. Kinanda, aliyekuwa hakosi la kusema hata usingizini, aliangalia vidole vya miguu yake. Hapo dada mtu akajua nani kapoteza ufunguo, na hakuhitaji kuambiwa tena. Kinanda alisoma mpaka kidato cha nne.

Kwa hiyo Jumatano ile alimwambia ndugu yake atafikiri, Kinanda akaondoka akisalimia hadi mapipa. Bi Pasi alilisha mashuka mengine kama ishirini, halafu akamweleza Kiberiti kwamba alikwisha fikiri zamani. Ijumaa wangekutana kwa Mziwanda kupanga maneno. Angempa Kinanda nafasi ya mwisho. Akisema ni mimi, maneno mawili tu, basi Jumamosi angemsifu mpaka nzi watue kwenye kipaza sauti, na kura angempa, ya kwanza na pengine ya mwisho. Asiposema, angeieleza hadithi hadi mwisho wake, na ufunguo na choo, mbele ya kata nzima, na alama ya ngazi ingejua faida ya kupanda juu.

Kiberiti alikunja shuka mara nne kabla ya kujibu.

"Na ukishamwangusha, miguu itapona?"

"Miguu haiponi," alisema Bi Pasi. "Lakini nitakuwa nimekaa."

Mziwanda alikuwa karani wa kugonga mihuri kwenye ofisi ya ardhi, na sebule yake ilifanana naye: vitambaa juu ya kila kiti, maua ya plastiki yaliyopanguswa vumbi, na kalenda ya picha ya kiongozi aliyeko madarakani. Kiongozi akibadilika, kalenda ilibadilika. Msumari ulibaki palepale. Mziwanda hakuwa mnafiki. Aliamini kabisa kwamba serikali ni mzazi, ukienda nayo kwa adabu haikunyimi, na wanaonung'unika walikosa malezi. Kila uchaguzi aliwapa walioko, na kila uchaguzi alishinda. Ndugu zake walipobishana siasa, yeye aliwaongezea chai.

Ijumaa saa kumi alasiri aliwakalisha, akamwekea dada yake kigoda cha miguu, akarudi jikoni. Kinanda alikuwa na karatasi. Alipanga kila kitu: dada angeanza na magoti, ili watu wasikitike, angefuata na zamu, ili wafurahi, angetaja paka na mafuta ya taa, ili wacheke. Kisha kioo cha kandili. Halafu ashuke.

Bi Pasi aliuliza kama mambo yaliishia kwenye kandili.

"Kwa mkutano, ndiyo. Ufunguo tuuache, dada. Utajiaibisha bure."

"Nitajiaibisha mimi?"

"Si wewe uliyeutumbukiza?" Kinanda alicheka, cheko la mtu anayekumbuka jambo la nyumbani. "Mimi mpaka leo kitu kikidondoka kwenye maji nakukumbuka wewe. Ulivyomwigizia baba ule mlio."

Bi Pasi alimwangalia. Mtu aliyepiga pasi miaka arobaini na mitano anajua kutafuta kunyanzi, na aliitafuta kwenye uso wa ndugu yake, kuanzia paji hadi kidevu. Hakuiona. Uso ulikuwa umenyooka. Mzee wa miaka hamsini na saba, meno mawili hana, anacheka kwa moyo mweupe juu ya choo.

"Kinanda," alisema, "ufunguo sikuugusa."

"Ulisema mwenyewe."

"Ilikuwa zamu yangu. Ya Mziwanda, kwa hesabu yako. Nikasema ni mimi kama ulivyotufundisha. Wewe ndiye uliyeupoteza."

Cheko lilimtoka Kinanda polepole, kama upepo kwenye gurudumu. Alisema hakuupoteza. Alisema kwa mama yao aliyelala kaburini, hakuugusa, hakuufikia, usiku ule alilala na homa ya meno. Halafu akaiweka karatasi mezani, akaendelea bila kuiangalia. Alisema miaka yote alijua ni dada. Na kwa kuwa ni dada, aliona zamu ile haikosei: makosa madogo yanagawanywa, kosa kubwa likija linamkuta mwenyewe yuko zamu. Aliona ni kama mkono wa Mungu. Juu ya hilo alijenga mengi. Juu ya hilo alichapisha vipeperushi elfu mbili.

"Na vidole ulikuwa unaangalia nini, siku ile naondoka?"

Kinanda aliviangalia tena, ndani ya viatu safari hii.

"Nilikuwa namshukuru Mungu kwamba haikuwa wiki yangu," alisema. "Nikaona aibu kukuangalia huku nashukuru."

Hayo hayakuwa maneno mawili aliyoyafuata Bi Pasi. Yalikuwa mengine, na hakujua ayaweke wapi. Akabaki ameyashika tu, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mgeni kituoni.

Mziwanda aliingia na birika akawakuta kimya, akauliza nani kafa. Walipomweleza, aliweka birika chini kwa kishindo. Walikuwa wanamtazama yeye? Alikuwa na miaka minne, msumari juu ya mlango, afike na ngazi ya nani? Na hata hivyo aliwachoka, wote wawili, kila wakikutana ni sakafu na magoti, sakafu na magoti, utadhani walilelewa jela.

"Baba hakuwa hivyo," alisema. "Mimi hakunipigisha magoti hata siku moja. Na nilivunja, tena sana. Sahani, saa ile ya mezani niliivunja mimi, darasa la kwanza. Akaniinua, akaniambia vitu huvunjika, mama, vitu hupotea. Akaokota vipande mwenyewe."

Hakuna aliyegusa chai.

Vitu hupotea. Bi Pasi aliyageuza maneno hayo kwenye mdomo wa baba yake, hayakukaa. Mtu yule, aliyemsimamisha fundi mzima saa tatu kwa ajili ya spana moja. Mtoto wake wa mwisho anatimiza miaka mitano, umri wa kuandikwa kadi, na hampigishi magoti. Sheria yake ilikuwa ndiyo kwanza imempatia mwenye kosa la ufunguo, asubuhi moja tu, bila jasho. Kwa nini mtu aache kutumia jembe siku ileile lililomlimia shamba kubwa?

Alianza kuhesabu watu wa nyumba ile. Alipata watatu, kama siku zote. Akahesabu tena akapata wanne. Miaka arobaini na mitano alikuwa akimruka mmoja, kwa sababu huyo mmoja alikaa kitini na ndiye aliyekuwa anauliza.

Alimtazama Kinanda akaona naye anahesabu.

"Mnataka kusema nini?" Mziwanda aliuliza, sauti imepanda. "Semeni basi."

"Hatujasema kitu, mama," alisema Bi Pasi. "Kaa unywe chai."

Baba alikuwa kaburini mwaka wa ishirini. Hangekuja kuulizwa. Na Bi Pasi, aliyekuja alasiri ile kuchukua maneno mawili kwa mtu aliye hai, alijikuta amechoka ghafla, si uchovu wa miguu wala wa mashuka, uchovu wa kuanzia darasa la saba, ule ambao mtu huubeba kwa sababu anajua atamkabidhi nani. Sasa hakuna wa kumkabidhi. Alikuwa amempinga ndugu yake kwa taa na kwa mwavuli, kwa jua na kwa mvua, kwa kosa ambalo hakulifanya. Na ukisema sasa aanze kumpenda, hilo nalo lilitaka nguvu.

Kinanda alikunja karatasi yake. Ni binadamu, lakini pia alikuwa mgombea, na mgombea hafi.

"Kesho utapanda, dada?"

"Nitapanda. Ila siishii kwenye kandili."

"Utaishia wapi?"

"Nikifika nitakwambia."

Jumamosi uwanja wa nyuma ya soko ulijaa kuliko Kinanda alivyotegemea. Watu wa hospitali walikuja na sare zao, mbele kabisa Kiberiti, mikono kifuani. Mwenye duka la dawa alikuja pia, akasimama pembeni chini ya mwavuli wake kama mtu anayepita tu. Kinanda alimsaidia dada yake kupanda ngazi nne za jukwaa na akakaa nyuma yake, na wanaomjua wanasema mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga ubao muda wote, unatafuta breki.

Bi Pasi aliwaeleza magoti, watu wakasikitika. Aliwaeleza zamu, wakafurahi. Kwenye paka walicheka mpaka mzee mmoja akatolewa nje ya umati apate hewa. Alipopita kandili bila kusimama, mguu wa Kinanda ulisikika ukikanyaga hadi kwenye kipaza sauti. Aliwaeleza ufunguo. Hakupamba. Alisema alikiri, akaondoka shuleni, akapewa ndoo, na kwamba wengi wao pale wamelalia mashuka yake bila kujua yametokana na nini. Alisema miaka yote alimshuku ndugu yake, ndiyo maana hakumpa kura, mwenye duka la dawa hajakosea. Mwenye duka alishusha mwavuli ili aonekane.

"Sasa jana nimemwangalia usoni," alisema. "Si yeye. Na mimi si mimi. Na wa mwisho wetu alikuwa haufikii msumari. Watoto watatu wote si wao. Nimekaa usiku nafikiri. Ninyi mnaonaje, nani kaupoteza?"

"Si ni baba yenu," alisema Kiberiti, kama mtu anayeambiwa kesho ni Jumapili.

Uwanja ulicheka, si kwa ubaya, wakicheka kama wanavyocheka watu wanaomwona mwenzao anatafuta miwani iliyo kichwani. Bi Pasi alisubiri wamalize. Jambo lililomchukua maisha yake kulihesabu, hawa walilipata kabla hajafunga mdomo, na wala hawakuishi katika nyumba ile. Au labda kila mmoja alikuwa na nyumba yake ya namna hiyo, akaijua kwa harufu. Nyuma, karibu na gari la muziki, Mziwanda alikuwa amesimama na mkoba mkononi, hacheki. Bi Pasi alimwona, akatamani asingemwona.

Akamgeukia Kinanda.

"Mdogo wangu, mitaa umeihesabu tisa, na kila mmoja umeupa wiki yake. Ofisi ya diwani umeipa wiki ya ngapi?"

Kinanda alisimama. Alitoa karatasi yake akaigeuza pande zote mbili, na watu waliomfahamu tangu mdogo walisogea mbele kushuhudia. Swali hili halikuwa kwenye karatasi. Hakulikwepa, labda halikumjia kabisa, kwa kuwa kila alipoiota sera yake alijiona yuko kitini.

"Ya kwanza," alisema mwishowe. Akakisogelea kipaza sauti akarudia. "Wiki ya kwanza ni yangu."

Wengine walipiga makofi. Wengine walisema kwenye kipaza sauti hata jogoo hutaga. Bi Pasi alishuka ngazi nne, moja baada ya nyingine, akamkuta Mziwanda chini. Mziwanda alimshika mkono wakatafuta pa kukaa.

Jumapili ya kura, siku nane baadaye, mstari ulizunguka shule mara moja na nusu. Kiberiti alikuwa nyuma ya Bi Pasi, akimsimulia kuwa mashine ya pasi imeanza kutoa moshi na fundi anasema si yeye aliyeigusa mwisho. Kinanda alipita mbali, hakuruhusiwa kusogea. Aliinua mkono kidogo, akaushusha. Wiki nzima hakumuuliza dada yake kura itakwenda wapi. Kwa Kinanda, hilo lilikuwa kama kufunga.

Ilipofika zamu ya Bi Pasi walimpaka wino, wakampa karatasi, wakamwonyesha kile kibanda cha boksi. Aliingia. Karatasi ilikuwa na alama tano, ngazi ya pili kutoka juu, kikombe chini yake, na nyingine za watu asiowajua. Kalamu ilifungwa kwa kamba.

Siku zote ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua: tafuta alipo ndugu yako, weka alama kwingine, toka. Leo aliitazama ngazi na hakuona hasira. Alitafuta upendo, hakuuona pia, si wa kutosha kupigia kura. Akakumbuka lile neno, ya kwanza, alilotamka mtu mbele ya watu elfu moja na spika nne. Akafikiria kikombe, akagundua hajui mwenye duka la dawa anataka kufanya nini, miaka yote hakuwahi kusikiliza mtu akisema anataka kufanya nini. Akaanza kuzisoma alama moja moja, kidole juu ya karatasi, kama mtoto wa darasa la saba. Mguu wa kushoto ulikuwa unawaka.

Msimamizi, binti mwenye kitambulisho shingoni, aliona muda unakwenda na mstari unanung'unika. Akaja karibu na kibanda bila kuchungulia.

"Mama, umekwama? Nikuitie mtu akusaidie?"

"Sijakwama, mwanangu," alisema Bi Pasi. "Nachagua. Niache kidogo, sijazoea."